Kumshukuru Mungu ni kufanya nini hasa?

Muulize Mkristo yeyote huku kwetu, "Habari za nyumbani?" Atakujibu, "Tunamshukuru Mungu." Jibu ni hilo hilo, awe ametoka kupata mtoto au ametoka kupunguzwa kazini. Kinachotofautiana ni sauti. Akilitamka haraka huku anaangalia pembeni, anakuomba kwa adabu usiendelee kuuliza. Akilivuta, "Aaah, tunamshukuru Mungu jamani," tafuta pa kukaa, kuna habari inakuja.

Sina ugomvi na salamu hiyo, hata mimi naitumia kila siku. Ila neno likishakaa kwenye salamu huwa hatuliangalii tena, na hili linastahili kuangaliwa, kwa sababu Biblia inalipa uzito ambao salamu haiubebi.

Kwa lugha nyepesi, shukrani katika imani ya Kikristo ni kutambua kwamba ulicho nacho umepewa, kumjua aliyekupa, kisha kumrudia ukamwambia. Sehemu mbili za kwanza zinafanyika kichwani, hata ukiwa umelala. Ya tatu inataka uinuke, na ndiyo inayotushinda wengi.

Injili ya Luka, sura ya 17, ina kisa cha wakoma kumi waliokutana na Yesu mpakani mwa Samaria na Galilaya. Walisimama mbali, kama sheria ilivyowataka, wakapaza sauti wahurumiwe. Yesu hakuwagusa. Aliwaambia tu waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walipokuwa njiani wakatakasika. Mmoja alipoona amepona aligeuka, akarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu. Alikuwa Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakupatana nalo. Yesu akauliza, "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" (Kenda ni tisa. Waliokulia kwenye Biblia ya Union wanalijua neno hilo. Vijana wa siku hizi huwa wanadhani ni jina la kijiji.)

Tukihubiriwa kisa hiki huwa tunawasema sana wale kenda, nadhani tunawaonea. Walitii. Waliambiwa waende kwa makuhani, wakaenda kabla hata hawajaona dalili ya kupona, na hiyo ni imani. Na sitashangaa kama walifurahi kupita kiasi: mtu aliyetengwa na mke na watoto kwa miaka, leo ngozi yake ni safi, unadhani anakimbilia wapi? Walichokosa ni kurudi. Furaha unaweza kuwa nayo peke yako, wewe na kitu chako, mlango umefungwa. Shukrani inahitaji mtu wa pili.

Hata neno letu "asante" linaonyesha hivyo. Limetoka kwenye Kiarabu, *ahsanta*, maana yake "umetenda vema". Anayesema asante hasimulii jinsi anavyojisikia. Anazungumzia alichotenda mwenzake. Na Wakristo wa karne za mwanzo, walipotafuta jina la ule mlo wa mkate na divai, walitumia neno la Kigiriki la shukrani, *eucharistia*, ambalo sisi tumelifanya Ekaristi. Kila Misa padre anapoita, "Tumshukuru Bwana Mungu wetu," waamini wanajibu, "Ni vema na haki." Kwa hiyo shukrani haikuwa kipengele kimoja kati ya matangazo na sadaka ya pili. Meza yenyewe iliitwa hivyo.

Shukrani na sifa ni ndugu, ila si pacha. Sifa inamhusu Mungu alivyo, hata siku ambayo hujapata kitu. Shukrani inataja alichofanya. Kwaya zetu huchanganya mawili hayo kwenye ubeti mmoja, na sioni ubaya.

Sasa tufike penye mfupa. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "Shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu." Mstari huu, 1 Wathesalonike 5:18, umefariji wengi. Umeumiza wengi pia, kwa sababu ya "kwa" ile. Je, nishukuru kwa saratani? Kwa ajali?

Nilikaa kwenye msiba wa mtoto wa miaka minne. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, na kila aliyeingia alimwinamia akamwambia maneno yale yale: Bwana ametoa na Bwana ametwaa; mshukuru Mungu, dada, yeye ana makusudi yake. Yeye alijibu "asante" kwa kila mmoja huku akikunja pindo la khanga na kulikunjua, akikunja na kulikunjua. Jioni, watu walipopungua, mzee mmoja jirani alisogeza kigoda karibu naye akamwuliza, "Hivi huyu mjukuu wangu alikuwa anapenda kula nini?" Yule mama akanyanyua uso. "Chapati, babu. Zilizolala. Za moto hataki, anakwambia zinamchoma." Akaendelea, akasimulia karibu nusu saa, analia, anacheka, analia tena. Alipochoka akanyamaza kidogo, kisha akasema, pengine hata si kwa yule mzee, "Mungu alinipa miaka minne."

Hakuna aliyemwamuru aseme hivyo. Wala hakushukuru kwa kifo. Alishukuru kwa mtoto.

Kigiriki cha mstari ule wa Paulo kinasema "katika": katika kila jambo, katika kila hali. Ni kweli kwamba Waefeso 5:20 inasema "kwa mambo yote", na wapo wahubiri wanaoshikilia hapo. Mimi huwa naangalia alichofanya Yesu mwenyewe. Paulo anasimulia kwamba usiku ule aliotolewa, Bwana alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Usiku wa kusalitiwa, na msaliti yuko mezani. Alishukuru kwa nini? Kwa mkate. Hakumshukuru Baba kwa Yuda. Au soma Yohana 11, kaburini kwa Lazaro. Mstari wa 35 Yesu analia machozi, mstari wa 41 anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Hakuna aliyemkataza kulia kwanza ili shukrani yake ikubalike. Na hao hao Wathesalonike, sura moja nyuma, Paulo hakuwaambia wasihuzunike kwa waliolala mauti. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Huzuni ipo, imeruhusiwa.

Basi tukienda msibani, mstari huu tuuache kwanza mfukoni. Mfiwa akifika huko mwenyewe, vema. Asipofika mwaka huu, Zaburi ya 13 inaanza na "Hata lini?" na Mungu aliiacha ibaki kwenye Biblia.

Kuna shukrani nyingine inayonipa shida, na hii tunaisikia kila Jumapili kwenye sala za kufungua ibada: "Baba, wengine wamelala hospitalini, wengine wapo mochwari, wengine walitamani kuiona siku hii wasiione, sisi ni nani hata tumeamka wazima?" Ninajua nia ni unyenyekevu. Lakini isikilize ukiwa umekaa benchi moja na mtu ambaye mume wake yuko huko wodini. Uzima wangu umekuwa mtamu kwa sababu wa mwenzangu ni mchungu. Na yupo mtu kwenye Injili aliyeshukuru kwa kujilinganisha: Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni akasema, Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine. Sala yake ilianza na neno zuri kabisa, nakushukuru, na bado aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule mtoza ushuru aliyekuwa akijipiga kifua kule mbali.

Dawa yake si ngumu: taja kitu, usitaje watu. "Asante kwa kunilaza na kuniamsha" inatosha.

Upande wa sadaka ya shukrani ndiko kwenye raha na vurugu zote. Mambo ya Walawi 7 inaagiza kwamba nyama ya mnyama aliyetolewa kwa shukrani iliwe siku ile ile, isibakizwe hata asubuhi. Hebu piga picha: wewe na familia yako, ng'ombe mzima, hata makuhani wakishachukua fungu lao, na kesho ni marufuku. Utafanya nini kama si kuita mtaa mzima? Ukimshukuru Mungu, jirani anashiba.

Hali hiyo bado naiona kwenye minada yetu ya kanisani. Katika sharika nyingi za Kilutheri Tanzania, hasa vijijini na wakati wa mavuno, asiye na fedha mkononi huleta alicho nacho: mkungu wa ndizi, sado ya maharage, mayai ndani ya bakuli lenye pumba, jogoo aliyefungwa miguu ambaye lazima atawike katikati ya mahubiri. Ibada ikiisha watu wanatoka nje, mzee wa kanisa anapanda kwenye ngazi na kuanza kunadi. Mayai matano yanafika bei ambayo dukani ungepata trei. Aliyeshinda anasema, "Mpelekeeni mgeni wetu yule wa shati la bluu," au anayarudisha yanadiwe upya. Bibi aliyeyaleta amesimama pembeni, mkono mdomoni, anaona mayai yake yanazunguka uwanja mzima. Hapo hakuna anayehesabu faida.

Ninaposhtuka ni pale sadaka hiyo hiyo inapotangazwa kama mtego wa baraka inayofuata: shukuru kwa kubwa ili upewe kubwa zaidi. Hiyo ni biashara, na biashara ni halali, lakini tuiite kwa jina lake. Katika Zaburi ya 50 Mungu anasema, "Kama ningekuwa na njaa singekuambia," kisha mistari miwili baadaye anaomba dhabihu ya kushukuru. Hana upungufu tunaoweza kuujaza, wala hatuwezi kumweka kwenye deni. Msamaria yule wa Luka 17, kwa habari tuliyo nayo, alirudi mikono mitupu.

Jambo lingine, na hili nalisema kwa sababu nimelifanya. Mtu anakusaidia, anakukopesha ada ya mtoto au anashinda nawe hospitali siku tatu, halafu kwenye ushuhuda unasimama: "Bwana Yesu asifiwe! Mimi wa kumshukuru ni Mungu peke yake!" Makofi. Na yule mtu amekaa benchi la tatu. Inasikika kama imani kubwa, kumbe mara nyingine ni njia ya kukwepa deni la fadhila. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuokoka. Paulo hakuwa hivyo. Mwisho wa barua yake kwa Warumi anawataja Priska na Akila kwa majina, kwamba walihatarisha shingo zao kwa ajili yake, na anasema anawashukuru, tena si yeye tu bali makanisa yote ya mataifa. Kumshukuru Mungu hakukumzuia kuwashukuru watu wawili waliokuwa na anwani.

Kwa maisha ya kila siku, sala ya chakula ndiyo shule ya kwanza. Ile ya kwetu ya kawaida ina hekima kuliko tunavyoidhania: inabariki chakula, inabariki mikono iliyokiandaa, inawakumbuka wasio nacho. Ndani ya nusu dakika umemtaja Mungu, aliyepika na mwenye njaa. Tatizo ni kwamba tunaisema kama anayekimbiza basi.

Ya pili ni usiku. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika karne ya 16, aliwafundisha watu wajichunguze dhamiri kila siku, na hatua ya kwanza kabisa aliyoiweka haikuwa dhambi bali kumshukuru Mungu kwa mema waliyoyapokea. Dhambi zinafuata baadaye. Wengi wetu tunaanza kinyume, tukifika kwenye shukrani usingizi umeshatubeba.

Kwetu nyumbani tumejaribu toleo la kitoto la jambo hilo: kabla ya kulala kila mmoja anataja kitu kimoja cha siku hiyo, na sharti ni kimoja tu, kwamba "kwa yote" hairuhusiwi. Lazima kitajwe. Mama watoto huwa anapata haraka: maji yametoka, fundi amerudisha cherehani. Mimi huchukua muda, na nimegundua kwamba siku ninazochukua muda zaidi ndizo siku ambazo sikumwangalia mtu usoni. Wiki iliyopita mdogo wetu, wa darasa la tatu, alifumba macho kwa nguvu zote akasema, "Mungu, asante kwa sababu leo mwalimu wa hesabu hakuja." Nilianza kutafuta maneno ya kumrekebisha, kwamba huenda mwalimu ni mgonjwa, kwamba tumwombee. Mama yake akawahi: "Amina."