Msimulizi asiyeaminika: nani hasa alimuua Mfalme Torygg?

Msimulizi asiyeaminika ni yule anayekupa kisa huku una sababu ya kumtilia shaka. Pengine anadanganya, pengine hakuwepo, pengine ana upande wake. Waliosoma fasihi wanajua kuwa ni kinyume cha msimulizi maizi, yule ajuaye mpaka yaliyo moyoni mwa wahusika. Kwenye gemu za The Elder Scrolls, maizi hayupo. Historia ya ulimwengu ule imeandikwa na wakazi wake wenyewe, kwenye vitabu unavyookota mezani, soga za baa na faili za majasusi. Na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Chukua Skyrim, iliyotoka Novemba 2011. Gemu inaanza ukiwa kwenye mkokoteni, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa. Pembeni yako ameketi Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi, na kinywa chake kimezibwa kwa kitambaa. Sauti yake ni silaha. Aliitumia kwa Mfalme Torygg, mtawala wa nchi ya Skyrim, mfalme akafa, nchi ikaingia vitani.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Watu wa Dola, yaani himaya ambayo Skyrim ni jimbo lake, wanasema ni mauaji. Waasi wanasema ni pambano la watu wawili kwa mila za kale, tena mfalme alikubali. Wengine wanaapa kwamba sauti ilimrarua vipande. Ukimuuliza Ulfric, atakwambia sauti ilimwangusha tu, kilichomuua ni upanga moyoni. Baadaye unafika Sovngarde, ahera ya mashujaa, unamkuta Torygg mwenyewe, naye anasema ni ukelele wa Ulfric uliompeleka kule. Ungedhani kesi imefungwa. Lakini marehemu hasemi kama pambano lile lilikuwa halali, na kwangu mimi hilo ndilo swali lenyewe.

Kuna pia faili la Ulfric lililofichwa kwenye ubalozi wa Thalmor, utawala hasimu wa Dola. Linasema alitekwa katika Vita Kuu, vita vya Dola na Thalmor, akahojiwa, kisha akaaminishwa kwamba maneno yake ndiyo yaliyouangusha mji mkuu wa Dola, ilhali mji ulikuwa umeshaanguka. Wasiompenda huishia hapo na kupiga kelele: kibaraka! Wangeendelea kusoma wangeona kwamba baadaye aligoma kushirikiana nao, na kwamba Thalmor hawataki waasi washinde. Wanachotaka ni vita visiishe. Tena jasusi anayemwandikia bosi wake naye ni msimulizi. Lini umeona ripoti ya kazini isiyojisifu?

Tahadhari moja: si kila mgongano ni ufundi. Mara nyingine waandishi wamebadili mawazo tu. Maandishi ya zamani yalieleza Cyrodiil, jimbo lililo kitovu cha Dola, kuwa msitu mnene wa nchi za joto, lakini gemu ya Oblivion ilipotoka mwaka 2006 tukakuta malisho na miti ya kawaida. Maelezo ya kuziba pengo hilo yalikuja baadaye, nayo yakaja na wasimulizi wawili: mhubiri wa mji wa Whiterun anayedai Talos, mfalme aliyegeuka mungu, ndiye aliyeiumba upya nchi ile, na msomi mmoja anayeshikilia kwamba msitu haukuwahi kuwepo, mnakili alikosea tu.