Uwezeshaji wa kisiasa wa wanawake waliokwenda vitani: maana yake nini?

Mwanamke aliyepitia vita husemwa amewezeshwa kisiasa pale anapopata nguvu ya kuamua mambo ya nchi: kupiga kura na kugombea, kuketi katika vikao vinavyotunga sheria, kuwa na jumuiya inayoongozwa na wanawake wenyewe, na kuwapinga viongozi bila kuadhibiwa. Kushiriki vitani ni jambo jingine, na ni pana. Wamo walioshika bunduki, waliobeba masanduku ya risasi kichwani, waliopika, waliouguza majeruhi, waliopeleleza, na pia waliotekwa wakalazimishwa. Wengi hudhani kwamba ushiriki ukishakuwepo, uwezeshaji utakuja wenyewe. Hauji wenyewe, na historia ya majirani zetu wa Msumbiji inaonyesha kwa nini.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na Septemba 1964 ikaanzisha vita dhidi ya Wareno katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwanzoni wanawake walilima chakula cha wapiganaji na kubeba mizigo. Mwaka 1966 Kamati Kuu iliamua kwamba nao washiriki kikamilifu, na mwaka uliofuata wasichana 25 wa kwanza wakaanza mafunzo ya kijeshi na ya siasa Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Hapo ndipo kilipozaliwa Kikosi cha Wanawake. Miongoni mwao alikuwemo Josina Muthemba kutoka Vilanculos, ambaye mwaka 1964 alikamatwa njiani akitoroka nchi, akarudishwa mikononi mwa Wareno, kisha akatoroka tena mpaka akafika Dar es Salaam.

Kikosi hicho kilivusha silaha, kililinda vijiji vilivyokombolewa, kilifundisha na kulea yatima. Lakini kazi iliyotikisa mambo zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ya uhamasishaji. Msichana aliyevaa sare alisimama mbele ya wazee wa kijiji akaeleza kwa nini watu wapigane, na wanaume wakamsikiliza. Hilo halikuwa jambo dogo. Lilipingwa hata ndani ya chama. Lazaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi wa FRELIMO Cabo Delgado, alikuwa mmoja wa waliolikataa. Mwaka 1969 alijisalimisha kwa Wareno, na upande uliobaki na chama ulikuwa ule uliotaka wanawake mstari wa mbele. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: milango ilifunguka kwa sababu wanawake walibisha hodi, na pia kwa sababu kundi lililoshinda mvutano wa ndani liliwahitaji. Nafasi inayotolewa kwa sababu ya kuhitajika inaweza kubanwa haja inapokwisha.

Josina aliongoza masuala ya wanawake ndani ya FRELIMO, akaolewa na Samora Machel, baadaye rais wa kwanza wa Msumbiji, mwaka 1969, na akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji mpaka leo. Mwaka 1973 ikaundwa jumuiya ya wanawake wa Msumbiji, OMM. Katika mkutano wake wa kwanza Samora alisema ukombozi wa mwanamke ni sharti la mapinduzi yenyewe kufaulu, wala haukuwa hisani.

Uhuru ulipatikana Juni 1975. Graça Simbine, ambaye naye alipitia mafunzo Nachingwea, aliingia baraza la mawaziri la kwanza akishika elimu na utamaduni. Ni hatua ya kweli, na haifai kubezwa. Hata hivyo OMM ilikuwa mkono wa chama, na ajenda yake ilitoka kwa chama. Aliyetofautiana na chama hakuwa na pa kusimama: Celina Simango, aliyeongoza jumuiya ya wanawake iliyotangulia, aliuawa baada ya uhuru akiwa kizuizini. Na nyumbani? Sheria iliyorithiwa kutoka kwa Wareno ilimfanya mume kuwa mkuu wa familia, ikabaki hivyo hadi sheria mpya ya familia ya mwaka 2004, karibu miaka 30 tangu bendera ipandishwe. Mabadiliko hayo yalisukumwa kwa miaka na wanasheria, wabunge wanawake na mashirika ya kiraia. Mwaka huohuo Luísa Diogo, mchumi ambaye hakupigana msituni, akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke.

Upo pia upande wa wasiohesabiwa. Nchini Sierra Leone, vita vilipokwisha, aliyetaka kuingia katika mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani kwa kawaida alitakiwa kusalimisha silaha. Wasichana wengi waliopika, kubeba mizigo na kufanywa wake wa makamanda hawakuwa na bunduki ya kuonyesha, wakaachwa nje. Asiyeandikwa kama mshiriki hapati posho wala mafunzo, na hakuna anayemwita kwenye kikao cha amani.

Kuhusu vikao vya aina hiyo, Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Oktoba 2000 Namibia ikiwa mwenyekiti wa baraza, linataka wanawake wawepo katika mazungumzo ya amani yenyewe. Rwanda iliweka katika katiba ya 2003 kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Mwaka 2013 walipata viti 51 kati ya 80 vya bunge. Idadi hiyo inavutia, lakini mimi huuliza pia kama mwenye kiti anaweza kusema hapana.

Cabo Delgado imo vitani tena tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017. Waasi wanaofanya mashambulizi hayo wamewateka wanawake na wasichana wengi, na baadhi yao wamerudi. Wenye mamlaka huko ndio wanaoamua kama waliorudi wataandikwa kuwa wahanga, washukiwa au raia wa kawaida, na kama watapewa sauti katika kamati za kujenga upya vijiji vyao. Maamuzi hayo yanafanyika sasa, na mengi yanafanywa na wanaume.