Tiba ya ozoni: maswali yanayoulizwa sana

Ozoni ni kitu gani?
Ni gesi yenye atomi tatu za oksijeni, wakati oksijeni tunayovuta ina mbili. Atomi hiyo ya ziada haitulii: hubanduka upesi na kuunguza kinachoigusa, wakiwemo vijidudu. Jiji la Nice, Ufaransa, lilianza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906.

Basi si itaua vijidudu mwilini pia?
Hapa ndipo wengi hupotoshwa. Maji hayana seli za kuumia. Wewe unazo, na ozoni haichagui. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inaitaja kuwa gesi yenye sumu, na inaeleza kwamba kiwango cha kuua vijidudu kinapita mbali kile ambacho binadamu anaweza kukistahimili.

Wanaoitoa huitumiaje?
Huchota damu kidogo, huichanganya na ozoni nje ya mwili, kisha huirudisha kwa dripu. Wengine huiingiza kwa mrija kupitia njia ya haja kubwa, au huchoma sindano gotini au mgongoni. Wenye ujuzi miongoni mwao hawadai kuua vijidudu. Husema dozi ndogo huushtua mwili uimarishe kinga yake. Hoja hiyo ina mantiki, lakini mantiki si uthibitisho.

Nina kidonda cha kisukari mguuni. Itanisaidia?
Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalipata tafiti tatu tu, zenye wagonjwa 212 kwa jumla, na hayakuweza kuthibitisha kwamba inasaidia. Kidonda cha namna hiyo kinataka sukari idhibitiwe, kisafishwe, na mguu usibebeshwe uzito wa mwili. Ukikichelewesha, unaweza kukatwa mguu.

Vipi maumivu ya goti na mgongo?
Huko kuna dalili nzuri kidogo: baadhi ya tafiti zinaonyesha maumivu hupungua, ila nyingi ni ndogo. Kwa saratani na VVU, hakuna ushahidi kwamba inatibu. Anayekwambia uache ARV ili ujaribu ozoni anakuhatarishia maisha.

Hatari zake?
Kuivuta huumiza mapafu, hata ukivuta kiasi kidogo tu. Kuingiza gesi yenyewe kwenye mshipa kunaweza kuziba damu isipite, na watu wamekufa. Kuna jambo jingine linalotuhusu sana Afrika Mashariki: upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; upungufu huo umeenea zaidi penye malaria. Mwenye hali hiyo, ambaye huonywa pia kuhusu dawa ya malaria iitwayo primakwini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Wengi hawajui kama wanayo.

Nimeshalipia. Niulize nini kabla ya kuanza?
Uliza gesi itaingilia wapi; wakisema moja kwa moja mshipani, ondoka. Uliza kama watakupima G6PD, kama sindano na mirija ni mipya, na kama daktari wako anayekutibu amearifiwa. Dawa zako endelea kuzimeza.