St. Nicholas Abbey: nyumba ya sukari yenye meko ya kuotea moto

Hapakuwahi kuwa na mtawa hapa. Licha ya jina lake (abbey ni makao ya watawa), St. Nicholas Abbey, katika parokia, yaani wilaya, ya Saint Peter kaskazini mwa Barbados, kisiwa cha Karibi, ni nyumba ya mwenye shamba la miwa, Benjamin Berringer, iliyojengwa karibu na mwaka 1658. Anayefika mara ya kwanza namshauri atazame mabomba ya moshi kabla ya sebule. Vyumba vya kulala ghorofani vina meko ya kuotea moto, kwenye kisiwa ambacho shuka moja hutosha usiku. Ramani ya nyumba ilifuata desturi ya Uingereza. Hali ya hewa haikuulizwa.

Kuta ni za mawe ya matumbawe, na chokaa ya kuyashika kisiwani humo ilitoka kwenye matumbawe yaliyochomwa. Jiwe hili hunyonya maji na kuyatoa. Hapo ndipo mafundi wa siku hizi huziharibu nyumba za namna hii: wanazipiga lipu ya saruji. Unyevu unanaswa, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na jiwe linamong'onyoka kuwa unga huku rangi ya nje ingali safi. Hakuna njia ya mkato: bandua saruji yote, rudia chokaa kwa matabaka membamba, na uyafunike yasikaushwe haraka na jua.

Chokaa iliingia hata kwenye sukari. Maji ya miwa huchacha ndani ya saa chache, hivyo wakati wa mavuno kazi haikulala. Yalitiwa chokaa kidogo ili taka zijitenge na kuenguliwa, kisha yakahamishwa kwa upawa kutoka sufuria kubwa ya shaba hadi ndogo. Chokaa ikipungua, sukari haigandi vizuri. Ikizidi, inakuwa nyeusi. Kazi hiyo ilikuwa ya Waafrika waliotiwa utumwani. Katika vinu vya Barbados, aliyesinzia akilisha miwa aliweza kuvutwa mkono na magogo yanayozunguka ya kukamulia miwa. Shoka liliwekwa karibu, la kuukata kabla mwili haujafuata.

Barbados ikiwa koloni la Uingereza, utumwa ulifutwa huko tarehe 1 Agosti 1834, lakini kazi ya lazima kwa jina la uanagenzi iliendelea hadi 1838. Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki. Waliotumikishwa hawakupata hata senti.

Kinu cha hapa kiliacha kusaga miwa ya sukari mwaka 1947. Shamba liliuzwa tena 2006, mashine ya mvuke ikafufuliwa, na miwa inasagwa upya, safari hii kwa ajili ya ramu, pombe kali ya miwa.