Je, wajua? Kuna konsonanti isiyohitaji pumzi ya mapafu

Panda basi la Kondoa kutoka Dodoma mjini. Mkikaribia Chemba, huenda ukasikia abiria wakipiga soga, na katikati ya maneno yao mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika. Hicho ni Kisandawe, lugha ya Wasandawe wa huko. Mlio ule si madoido ya msemaji. Ni konsonanti kamili, kama b au k yako. Inatokaje?

Tuanze na salamu ya Wagogo, kwa kuwa ndio wenyeji wa mjini: "Mbukwa!" Itamke polepole. Midomo inafumba, hewa inapitia puani: m. Kisha kaakaa laini, ile nyama laini iliyo nyuma ya paa la kinywa, linapanda na kuziba njia ya pua. Hewa inabanwa nyuma ya midomo, midomo inaachia: b. Kwenye u midomo inaviringika, na nyuma ya ulimi inainuka. Inainuka zaidi hadi kugusa kaakaa laini, inaachia, hiyo k. Inateleza w, kisha taya linashuka kwa a. Huamini habari ya pua? Ibane kwa vidole useme tena. Utasalimia kama mwenye mafua.

Sauti zote hizo zinasukumwa na pumzi inayotoka mapafuni. Njiani inapita kati ya nyuzi za sauti kooni. Weka vidole kooni useme "sss", kisha "zzz". Kwenye z utahisi mtetemo: kwa mwanamume mzima nyuzi hizo hutikisika takriban mara 120 kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200. Sauti yenye mtetemo huitwa ghuna. S si ghuna.

Basi konsonanti huainishwa kwa kuuliza hewa imezuiwa wapi, imezuiwaje, na kama nyuzi zinatetema. B ni kipasuo cha midomo, yaani hewa inazibwa kabisa kisha inaachiwa, tena ni ghuna. F si ghuna, nayo ni kikwamizo cha midomo na meno, maana hewa haikuzibwa kabisa bali inapenya kwa kukwaruza. Irabu hazina kizuizi, kwa hiyo huulizwa ulimi umekaa wapi na midomo ikoje. Kiswahili kina irabu 5. Kirangi cha Kondoa kina 7, ndiyo maana sikio la Mswahili huchanganya maneno ambayo kwa Mrangi ni tofauti kabisa.

Sasa turudi kwenye ule mlio. Unaitwa kidoko, na siri yake ni kwamba hauhitaji pumzi ya mapafu. Nyuma ya ulimi inagusa kaakaa laini, kama kwenye k. Wakati huohuo sehemu ya mbele imeziba kwenye meno au ufizi. Kati ya vizibo hivyo viwili kuna kijichumba cha hewa. Ulimi ukishushwa katikati, kijichumba kinapanuka na hewa ya ndani inakuwa hafifu. Ukiachia kizibo cha mbele, hewa ya nje inaingia kwa kishindo. Ni ndugu wa msonyo wetu, tena ndugu wa karibu. Tofauti ni kwamba sisi tunasonya tukiudhika, Msandawe anaweka kidoko ndani ya neno.

Na si kimoja. Kisandawe kina vidoko vya meno, vya ufizi na vya pembeni mwa ulimi, na kila kimoja huja kwa namna tano: chenye ghuna, chenye mpumuo (pumzi inayofuata mlio), cha puani na kadhalika. Jumla 15. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi nao wanavyo. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini ni Wabantu kama Wagogo, ila vidoko waliviazima kwa majirani wao Wakhoisan, wenyeji wa kale wa huko kusini. Kama Kisandawe ni ndugu wa lugha za hao Wakhoisan, wataalamu bado wanabishana.

Unataka ushahidi kwamba mlio wenyewe hautegemei mapafu? Guna "mmm" mfululizo huku ukipiga vidoko kwa ulimi. Mguno haukatiki, kwa sababu pumzi inapita puani wakati kinywa kina hewa yake chenyewe. Ila usijaribu garini. Mimi nilijaribu, na mama aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Mwanangu, unanisonya kwa kosa gani?"