Baridi yabisi huanzia wapi? Maswali ya wakulima wa tumbaku na wachimbaji wa Tabora

Jina lenyewe linasema baridi. Je, ndiyo inayoleta ugonjwa huu?

Hapana, na jina hili limewapotosha wengi. Asubuhi za Juni na Julai viungo vinavyougua huuma zaidi, lakini baridi haianzishi ugonjwa, wala maji ya kufulia. Kinga ya mwili ndiyo inayokosea na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Inadhaniwa kosa hilo mara nyingi huanzia mapafuni au kwenye fizi, pengine miaka 10 kabla ya kidole cha kwanza kuvimba.

Mapafuni kivipi?

Moshi wa sigara unapoyakera mapafu, baadhi ya protini za mwili hubadilika umbo. Kinga huziona kama adui na kutengeneza kingamwili za kupambana nazo, hasa kwa mtu aliyerithi vinasaba vya ugonjwa huu. Aliyevuta sigara 20 kwa siku kwa miaka 20 ana hatari karibu mara mbili ya asiyevuta. Kupunguza hadi tano kwa siku hakutoshi, maana hata uvutaji mdogo wa miaka mingi huongeza hatari. Ukiacha kabisa hatari hushuka, ila polepole sana, kwa hiyo kijana asingoje. Msokoto wa tumbaku ya shambani nao ni moshi uleule.

Nalima tumbaku Urambo lakini sivuti. Vipi mimi?

Kushika jani si sawa na kuvuta. Kichefuchefu na kizunguzungu vinavyompata anayechuma majani yenye umande hutokana na nikotini kupenya kwenye ngozi. Hayo ni madhara mengine, na kinga yake ni glavu na shati la mikono mirefu. Kwa viungo, shida kubwa ni anayechambua majani huku sigara ikiwaka mdomoni, na walioketi karibu naye. Moshi wa kuni pia hukera mapafu, hivyo ziba nyufa za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa udongo kabla ya kuwasha moto.

Na sisi wa machimbo ya dhahabu Nzega?

Hapa tunasisitiza zaidi, kwa sababu vumbi la mawe halizungumzwi vya kutosha. Mwamba wa dhahabu huwa na silika nyingi, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na chembe zake zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuyakera kama moshi hazionekani kwa macho. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan alieleza kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na baridi yabisi pamoja na vinundu mapafuni. Mchimbaji anayevuta sigara anajibebesha mizigo miwili.

Lowesha mwamba kabla ya kuchoronga, na endelea kumwagia maji mawe yanapopondwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo; inatakiwa barakoa ya N95 iliyobana pembeni, na ndevu huifanya ipitishe hewa. Nguo za kazi zilowekwe, zisikung'utwe nyumbani penye watoto.

Fizi zinahusikaje?

Bakteria mmoja wa ugonjwa wa fizi anaweza kubadili protini kama moshi unavyofanya. Fizi zinazotoa damu kila unapopiga mswaki zionwe na daktari wa meno.

Mama yangu anaugua. Nami nitaugua?

Si lazima, ingawa hatari yako ni takriban mara tatu ya wengine. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Kunyonyesha kwa jumla ya mwaka mmoja au zaidi kumeonekana kuambatana na hatari ndogo. Unene nao huongeza hatari: kwa mtu wa mita 1.60, unene uliokithiri huanzia kilo 77 hivi.

Niende hospitali lini?

Vidole au viganja vya mikono yote miwili vikivimba, na asubuhi vikakakamaa zaidi ya nusu saa hata kufunga kifungo kukawa taabu, usisubiri wiki zipite. Sindano za mtaani za kutuliza maumivu huficha uvimbe huku mfupa ukiendelea kulika. Dawa zinazouzuia ugonjwa hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Mweleze daktari kama unavuta, umefanya kazi machimboni miaka mingapi, na nani katika ukoo ameugua.