Je, wajua kwa nini simu ya jirani inaweza kuokoa ujumbe wako?

Ukiwa Dodoma, simama nyuma ya moja ya yale majabali ya pembeni mwa mji. Mtandao unakata. Sogea hatua moja, unarudi. Mnara ni uleule na nguvu yake ni ileile.

Nilipoanza kusoma habari za mitandao shirikishi, ambamo kifaa kimoja hupokea data za mwenzake na kuzipeleka mbele, niliamini kazi yake ni kukata umbali tu. Kufupisha safari kunasaidia kweli, lakini siri kubwa iko kwingine. Mawimbi ya redio hugonga mawe na mabati, yakafika kwa njia nyingi; yakikutana yamepishana, hufutana. Kwenye masafa ya megahezi 900 wimbi moja lina urefu wa kama sentimita 33, hivyo mahali pazuri na pabaya huweza kuachana kwa shibiri moja. Ukiangukia pabaya, nguvu inayokufikia huweza kushuka hata mara 100. Kupiga kelele zaidi, yaani kuongeza nguvu ya mawimbi, ni gharama kubwa. Afadhali kupata njia ya pili.

Chukua mama wa Hombolo anayetaka kumwambia bintiye wa soko la Majengo: "Leta magunia matano kesho asubuhi." Anamtuma kijana wa bodaboda. Jirani aliyesikia naye anapanda daladala. Kama kila mjumbe hushindwa mara 1 kati ya 10, wote wawili hushindwa mara 1 kati ya 100. Tena bodaboda akisahau "matano" na jirani akisahau "asubuhi", binti anaunganisha vipande na kupata ujumbe mzima. Vipokezi hufanya vivyo hivyo.

Ila hesabu hiyo inasimama pale tu matatizo yao yasipohusiana. Korongo moja likijaa maji na wote wakakwama hapohapo, hakuna faida. Hali kadhalika vifaa viwili vilivyojificha nyuma ya jabali moja.

Nadharia ya kituo cha kati, yaani kifaa kinachopokea ujumbe na kuupeleka mbele kama yule jirani, ilianza na mtafiti van der Meulen mwaka 1971. Kinachonivutia zaidi ni kazi ya watafiti Laneman, Tse na Wornell ya mwaka 2004: jirani asiyesikia vizuri asilazimishwe kurudia, maana atasambaza makosa. Na kwa kuwa vifaa vingi haviwezi kusikiliza na kusema kwa pamoja kwenye masafa yaleyale, kila msaada hula muda na betri. Kwa hiyo jirani hukaa kimya na ujumbe wake, mpaka binti aulize: "Magunia mangapi?"